Landrova Yangu Yaongezwa Kiuno

Jumatatu, 16 Juni

Baridi ya Iringa mwezi huu haina adabu. Lakini nimeamka na wazo, na wazo lenyewe linachemka!

Rabson kapita tena asubuhi na Cruiser lake refu, lile alilotoka nalo Makongolosi kwenye dhahabu. Kapiga honi mbele ya mlango wangu. Kusudi kabisa. Nyuma kaipakia kwaya yote ya usharika, mbele kamkalisha Eveline, mwalimu wa kwaya. Eveline wangu! (Yeye bado hajaambiwa kuwa ni wangu. Mipango ipo.)

Jana baada ya ibada nilimwomba apande Landrova yangu nimfikishe kwao. Akaizunguka, akacheka vizuri, akasema kagari kazuri haka, ila leo hawezi kuwaacha waimbaji wake njiani. Nimelitafakari jibu hilo mpaka chai imepoa. Maana yake ni moja tu. Gari ni fupi.

Tarehe 29 kwaya imealikwa Sikukuu ya Mavuno, kijiji cha juu kabisa huko Kilolo. Nitawapeleka mimi. Wote! Eveline mbele. Tukirudi namtamkia.

Uamuzi: naikata Landrova katikati, naongeza kipande.

Jumanne, 17 Juni

Nimekwenda kwa Matano, fundi wa kuchomelea pale Mlandege. Babu yake alitoka Tanga, na maneno alimrithisha yote. Nilimuuliza kama amewahi kurefusha gari. Akasema amerefusha kitanda cha mwalimu mmoja mrefu, mageti mengi tu, na toroli. Na gari, bwana wangu, ni toroli lenye injini. Nampenda mtu anayejiamini.

Kibanda chake hakina nafasi. Tumeihamishia kazi uani kwa dada Esnath. Dada akauliza tunafanya nini. Nikamwambia tunabadilisha oili.

Ijumaa, 20 Juni

Imekatwa!

Lo! Sikujua gari linaweza kutia huruma hivi. Mbele kule, nyuma huku, katikati kuku wa dada wanapita. Nilikaa chini kidogo. Dada akatoka na ungo wake, akasimama, akauliza ni oili gani inabadilishwa namna hii. Matano akamjibu kwamba ni ile ya ndani sana. Dada akaniambia mimi ni mdogo wake wa tumbo moja, hana pa kunipeleka, lakini kuku wake wakipata jambo tutajuana.

Matano akauliza tuongeze kiasi gani. Nikasema mita moja. Hapo hapo honi ya Rabson ikalia barabarani. Nikasema mita moja na nusu.

Jumatatu, 23 Juni

Imeungwa! Ni ndefu mpaka raha. Mtu wa nyuma akitaka kushuka itabidi apige kelele ndipo dereva asikie. Matano kachomelea na mabenchi. Nimeipaka rangi mwenyewe, kijani. Kijani cha kile kipande cha katikati kimegoma kufanana na kijani cha zamani. Si kitu, utafikiri imevaa mkanda.

Tatizo dogo. Propela, kile chuma kirefu cha chini kinachopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, sasa halifiki. Hakuna aliyelifikiria. Matano anadai alilifikiria ila hakutaka kuniudhi. Kaagiza jingine Mbeya. Litakuja na basi.

Alhamisi, 26 Juni

Propela limefika kutoka Mbeya. Ni fupi kuliko lile la kwanza!

Matano alimwambia jamaa yake amtumie propela la Landrova. Urefu hakutaja. Nilipomuuliza kwa nini, akaniuliza mimi, je, nilimkumbusha? Baadaye akaja na jibu la kitaalamu. Gari hili lina nguvu mbele na nyuma. Nyuma tuisamehe. Magurudumu ya mbele yatavuta, ya nyuma yatafuata tu kama ng'ombe nyuma ya mwenzake. Ina mantiki.

Jumamosi, 28 Juni

Asubuhi nimelitoa gari. Au tuseme nimeanza kulitoa. Geti la dada liko pembeni, unatakiwa ukunje kulia. Landrova yangu siku hizi haikunji. Mbele imeshatoka, inatazama barabara, nyuma bado iko jikoni. Tumerudi, tumekwenda, tumerudi. Mwisho tukachagua kati ya ukuta na banda la kuku. Ukuta ni wa mwenye nyumba.

Dada Esnath kalia machozi ya kweli. Kuku wote wamepatikana isipokuwa jogoo wake mkubwa mwekundu. Nimeapa kumrudisha.

Jioni nikaenda kwenye mazoezi ya kwaya, nikatangaza kwamba kesho nawapeleka mimi. Eveline akatoka kuiona. Akaniuliza, kaka Sedekia, kile kifupi kiko wapi? Nikamwonyesha kwa mkono. Hiki hapa, ndani ya hiki. Akasema haya, kesho twende. Twende! Amesema twende!

Rabson naye kasema atakuja nyuma yetu na mbuzi wake wa sadaka, kwa tahadhari. Kijicho hicho.

Jumatatu, 30 Juni

Jana sikuweza kushika kalamu. Leo naandika, kwa shida.

Tulianza vizuri. Eveline mbele, kanga mpya, moyo wangu unadunda. Kwaya nyuma inaimba. Lami ilipoisha, nikasikia sauti ya tatu na ya nne zinatofautiana. Ni kwamba benchi la mwisho lilikuwa linaruka peke yake.

Kisha kilima. Pale juu kabisa barabara ina nundu. Magari yote ya dunia yanaipanda na kuishuka. Langu lilipanda, likafika katikati, likakaa. Tumbo chini, miguu yote hewani! Magurudumu ya mbele yanazunguka na kupiga upepo. Tukaning'inia. Soprano wakihamia nyuma, tunainuka mbele. Besi wakija mbele, tunashuka. Rabson akasimama nyuma yetu, akazima injini, akatoa karanga.

Nikasema kwa sauti ya kiume kwamba hili tulilitegemea. Kwaya yote mbele! Wakapanda juu ya boneti, wengine kwenye madigadi, wawili juu ya paa. Magurudumu yakagusa ardhi, tukachomoka. Ndivyo tulivyoingia kijijini, kwaya ikiwa juu ya boneti, mimi naendesha kwa kuchungulia katikati ya miguu ya besi. Watu wakapiga vigelegele. Kamwene, kamwene, salamu za Kihehe kila upande! Walidhani ndiyo mtindo wa mjini. Eveline alicheka mpaka akashika mbavu. Sijawahi kufurahi hivyo.

Ningeishia pale! Lakini niliingiza gari uwanja wa kanisa, na geti la kanisa ni kama la dada. Likakwama palepale, likaziba njia. Washarika wanafika na mavuno yao hawana pa kupita. Wakaanza kuyaegesha juu ya gari. Maboga kwenye boneti, miwa kwenye paa, mikungu ya ndizi kwenye mabenchi. Nikataka kuwazuia. Mara nikamwona Rabson anamfunga mbuzi wake utepe mwekundu, na Eveline anamsifu yule mbuzi. Mbuzi!

Nikatafuta utepe mrefu kuliko wake. Nikaizungushia Landrova. Mchungaji alipotoka kubariki mavuno, nikamwomba aliwekee mkono na gari langu. Akaweka.

Sasa, mimi nimezaliwa kwenye usharika. Nimebatizwa humo. Mtoto wa Sunday School anajua kwamba Siku ya Mavuno kilichobarikiwa pamoja na mavuno kinakwenda mnadani baada ya ibada. Kama ni yai, yai. Kama ni ng'ombe, ng'ombe. Nilijua! Ila nilikuwa namwangalia mbuzi.

Mzee Clement, mzee wa kanisa mwenye sauti ya mnada, akauza maboga, akauza miwa, akauza mbuzi. Halafu akapiga bodi la Landrova kwa kiganja, akasema jamani kuna ndugu yetu wa mjini katoa gari! Uwanja ukalipuka. Akaniita, akaniuliza mbele ya wote kama natoa kwa moyo. Nilifungua mdomo kusema kuna makosa. Eveline alikuwa amesimama, anapiga makofi, macho yanang'aa. Nikapunga mkono kama mtu mkubwa. Nikasema natoa.

Hakuna aliyelitaka. Kimya kilikuwa kirefu kama gari lenyewe. Mwisho Rabson akanyoosha kidole. Bei siiandiki.

Kisha wakainua benchi la mwisho, na chini yake akatoka jogoo wa dada Esnath, mzima, amekasirika. Naye alikuwa amebarikiwa. Akaingia mnadani. Huyo nimemgombea mwenyewe mpaka mwisho.

Nimerudi Iringa nyuma ya Cruiser la Rabson, na jogoo mapajani.

Jumamosi, 5 Julai

Matano kaniletea chuma changu. Rabson kampa kazi ya kuikata Landrova na kuirudisha fupi. Nikamwambia ni msaliti. Akasema, bwana wangu, kukata ndiko anakokuweza zaidi. Tena kapitiliza kidogo kukata, hata lile propela fupi la Mbeya limeingia. Linatosha kabisa! Kaniachia kipande cha katikati, mita moja na nusu, chenye kijani changu. Nimekisimamisha ukutani.

Jumapili, 6 Julai

Nimewaona. Rabson na Eveline, mbele, kwenye Landrova fupi. Wawili tu. Kwaya ilipanda Cruiser na dereva mwingine.

Nilimfuata Eveline baada ya ibada, nikamuuliza wazi. Akanijibu taratibu, bila kunicheka. Alisema alikipenda kile kigari kwa kuwa mbele wanaenea wawili tu, hakuna wa tatu wa kusikiliza. Ile Jumapili waimbaji walikuwa wanamsubiri, ndiyo maana alikataa. Alikuwa anangoja nimwambie tena Jumapili ya pili yake. Alivaa na viatu vya kutokea. Akasikia nimeikata.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Imeniuma, jamani. Imeniuma kweli. Sikula.

Jumanne, 8 Julai

Nimeamka vizuri! Nilikuwa nafikiri nimekosa mwanamke, kumbe nimepewa maelekezo. Eveline anapenda kifupi. Kosa langu lilikuwa kuongeza. Kumbe ilitakiwa kupunguza! Na Rabson hajamchumbia bado, nimeuliza.

Pale uani kwa dada Esnath kuna bajaji yake. Ina siti kubwa mno nyuma, watu watatu wanakaa, ya nini? Ikikatwa pale katikati, ikaungwa, wanaenea wawili tu, mtu na wake. Fupi kuliko Landrova ya Rabson, tena mbali sana!

Matano ameshafika na chaki. Anasema bajaji ni nusu ya gari, kwa hiyo ni nusu ya kazi. Dada kaenda msibani Mafinga mpaka Ijumaa. Akipiga simu, tunabadilisha oili.