Gitaa Lililonivua Ukatibu

Jamani, leo nimeaibika mbele ya watu ishirini, mchana kweupe, kwenye maktaba ya hapa Columbus, Marekani. Nawaandikia nikiwa ndani ya gari. Mke wangu amekaa kiti cha nyuma, kama abiria asiyenifahamu.

Tuna chama cha wapenzi wa picha za Kihindi, mimi katibu. Kila mwaka tunatoa tuzo zetu wenyewe, na safari hii ipo ya muziki wa chinichini, ule unaopigwa waigizaji wakiwa kimya. (Si nyimbo. Kwa nyimbo tungetoana macho.) Wiki tatu nimeipigia debe picha moja ya zamani, kwa gitaa la pale kwenye mazishi. Nikaapa: isiposhinda, naacha ukatibu!

Mwenyekiti, Bwana Ramesh, Mhindi mzaliwa wa Tanga, alinionya: "Katibu, mimi pale sikumbuki muziki."

"Uzee huo, bwana." (Nina shahada mbili. Kiburi ndiyo ya tatu.)

Leo nikaweka DVD yangu niliyotoka nayo Morogoro. Ni ile iliyotafsiriwa: jamaa anasimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji. Nilichagua dakika mbili ambazo amenyamaza. Mama anamzika mwanawe. Gitaa linaingia, taratibu. Miaka yote nikifika hapo huzima, nikafute machozi.

Leo sikuzima. Nilikuwa nahutubia.

"Sikilizeni! Fundi gani wa Bombay angepiga hivi, utadhani kazaliwa kwetu?"

Hapo jamaa akarudi hewani: "Usilie, mama! Gitaa hilo la shemeji yangu! Harusi, misiba, anapatikana nyuma ya stendi!"

Mke wangu akainama kutafuta kitu kwenye mkoba. Bwana Ramesh akawatafsiria wote wasiojua Kiswahili, neno kwa neno, bila huruma. Kisha akaweka DVD yake, isiyotafsiriwa: mama yuleyule, kaburi lilelile. Gitaa hakuna. Upepo tu, na koleo.

Mngekaa chini? Mimi sikukaa.

"Basi tuzo apewe shemeji!"

"Baba Zawadi, twende nyumbani," mke wangu akanong'ona.

"Pigeni kura!"

Wakapiga. Nikapata mbili. Moja yangu. Ya pili mke wangu anaapa si yake, na Bwana Ramesh alikuwa anafuta miwani tu.

Ukatibu umekwenda. Ila aliyeko Morogoro apite nyuma ya stendi, amwambie yule shemeji kwamba Marekani ana kura mbili. Amwambie bila kucheka.