Barabara Niliyoizindua Mimi, na Mama Mkwe Mgongoni

Leo nimeadhirika. Si kidogo. Nimeadhirika kiasi kwamba nikipita, hata mbuzi wanageuza shingo.

Kwa msiojua kwetu: kitongoji chetu kiko huku Mnyambe, na barabara ya kwenda Newala imekatwa na korongo. Mvua zilizopita Mama Rehema alishikwa na uchungu, gari la wagonjwa likasimama ng'ambo, sisi tukambeba kwa kitanda. Tukishuka korongoni alikuwa anaongea. Tulipopanda upande wa pili alikuwa haongei tena. Mtoto naye hakutoka. Mimi nilishika mguu mmoja wa kitanda, na mkono huu mpaka leo unakumbuka.

Basi nikajiteua kiongozi. (Hakuna aliyenichagua. Lakini mtu umemaliza kidato cha nne kwa madarasa ya jioni, una ndevu tayari, utamwogopa nani?) Wiki tatu nimepita nyumba kwa nyumba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Bibi, mvua zinakuja. Safari hii korongo litamchukua nani?"

Kila mmoja aliendelea na kazi yake. Lakini hakuna aliyekataa.

Leo alfajiri wakaja. Watu elfu! (Haya, sitini. Na mbwa mmoja.) Majembe, vikapu, matoroli. Udongo tukauchimba kwenye kichuguu kikubwa kilicho kando ya njia, mwekundu, laini kama unga. Saa tatu korongo limejaa. Nikapanda juu ya rundo, nikatangaza: sasa tunashindilia kwa maji, kila nyumba ndoo moja!

Majembe yakasimama.

Mnajua huku juu maji ni nini. Bomba likitoa tunapiga vigelegele. Lisipotoa, ni kushuka bondeni na kupanda na ndoo kichwani, nusu siku imekwisha.

"Maji?" akauliza mama mmoja. "Ya kuinywesha barabara?"

Kabla sijajibu, Bibi Asha, mama mzazi wa marehemu Mama Rehema, akaondoka. Akarudi na ndoo yake, akaimimina yote. Ikawa kama amri. Ndoo zikaja, madumu yakaja, hata birika la kutawadhia likaja. Machozi yalinitoka, jamani. Nilijiona mkubwa kama mlima.

Aliyebaki anajikuna kichwa ni Baba Somoe peke yake, fundi wetu wa kukandika nyumba. "Mwalimu," akaniita (ananiita hivyo kwa kunikejeli), "udongo wa kichuguu ukiulowesha hivi, mimi huwa naubandika ukutani. Unataka siku nne kukauka. Na hapa mnataka lipite gari?"

"Baba Somoe," nikamjibu mbele za watu, "wewe ni mtu wa kuta. Barabara ni sayansi."

(Siku nikifa, sentensi hiyo nizikwe nayo.)

Saa nne nikakata kamba, nikaizindua rasmi. Picha mliziona humu kundini, mkanipigia makofi.

Saa sita simu. Shemeji yangu analia: mama mkwe ameumwa na nyoka akifyeka chini ya mikorosho, mguu umeanza kuvimba. Nikampigia dereva wa gari la wagonjwa. Kawaida yake husimama ng'ambo, sisi tunavuka na mgonjwa kwa miguu. Mimi nikamwambia nini?

"Pita moja kwa moja, kaka! Barabara tumeifungua!"

Akapita. Mita tano. Halafu gari likaketi, taratibu, kama mgeni aliyekaribishwa kiti. Matairi hayaonekani.

Dereva akatoa kichwa dirishani. "Nani kasema barabara imefunguliwa?"

Vidole vyote kwangu. (Nadhani hata mbwa aliinua mguu.)

Mama mkwe ndiyo kwanza anafika, yuko kitandani, ameuma meno. Wabebaji wanne wakaingia nacho, wakazama magotini, kitanda kikalala upande, wakarudi. Hapo nikamwona Mama Rehema tena. Mzaha wote ukaniisha. Kile kijia cha miguu tulichokuwa tunavukia zamani? Nilikizika mwenyewe asubuhi, kwa shangwe.

"Abebwe mgongoni," akasema Baba Somoe. "Mtu mmoja mwepesi, apite pembeni."

Mwepesi ni mimi. Lakini kwetu mama mkwe humgusi. Miaka tisa nimeoa kwao, nimejenga kwao, na mama yule hajawahi kuniambia neno uso kwa uso. Neno lake hupitia kwa mtu. Watu wakatazamana. Yeye akafumbua macho.

"Mwambieni baba Hadija achuchumae."

Baba Hadija ni mimi; nikachuchumaa. Akapanda. Mwili unawaka kama jiko. Tukaingia topeni, shemeji nyuma yetu akipeleka ujumbe.

"Mwambie asinitikise."

"Shemeji, mama anasema usimtikise."

"Nimesikia!"

"Mwambie anahema kama ng'ombe wa mnadani."

"Shemeji, mama anasema—"

"Nimesikiaaa!"

Katikati tope likanikamata miguu yote miwili. Nikavuta. Mguu ukatoka, kiatu kikabaki. Nikavuta wa pili. Mkanda ukakatika. (Mtumba wa Masasi, msiniulize.) Mikono yote miwili imemshika mama mkwe. Suruali, imejaa tope, ikaanza safari yake peke yake. Mapajani. Magotini. Na kitongoji kizima kiko kando: wakwe, mashemeji, imamu!

Nikasimama. Nasema kweli, nilisimama kwa sababu ya haya, na mtu anakufa mgongoni kwangu.

Ndipo nikasikia sauti sikioni. Haikupitia kwa mtu.

"Tembea, mwanangu. Mimi nimefumba macho."

Nikatembea. Suruali ikabaki kule na kiatu. Na hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililonimaliza: watu sitini wananitazama, na hakuna hata mmoja aliyecheka.

Ng'ambo bodaboda ilikuwa imeshaitwa. Akawekwa katikati, mke wangu, aliyevuka na shemeji, nyuma amemkumbatia, wakaondoka. Mimi nikafuata na nyingine. Amefika hai, amepewa dawa. Mguu una rangi ya bilinganya. Daktari anasema mpaka kesho ndipo watajua kama utabaki. Naandika haya nje ya wodi, nimejifunga kanga niliyoazimwa na mama nisiyemjua.

Sasa hivi nimempigia Baba Somoe kumwomba radhi. Nyuma yake nasikia majembe. Gari wamelitoa, na lile tope wanalizoa lote.

"Nisamehe, mzee wangu."

"Hebu niache nifanye kazi. Akina mama wanauliza tu, kesho tuanze saa ngapi? Safari hii ni changarawe."

"Na mimi nifanye nini?"

"Waite watu. Hilo unaliweza."

Basi nawaita: kesho, saa kumi na mbili asubuhi, korongoni. Mnaotaka kunicheka ruksa, ila kila mmoja acheke akiwa ameshika jembe.