Kifla wa Mbele na Kifla wa Nyuma

Kwa heshima na taadhima, Idara ya Utulivu wa Kinywa ya mji wa Dolna Vishna iliutangazia umma kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mtoto atakayemwogopa tena daktari wa meno. Kilio kimefutwa. Mahali pake amewekwa mbwa.

Mbwa mwenyewe aliitwa Kifla, jike mnene, mpole, ambaye mtoto akimkumbatia moyo unatulia wenyewe. Kanuni zake zote ziliandikwa na Bwana Plamen Gruev, Mkurugenzi, ambaye alizisoma kila siku kabla ya chakula, kama sala.

Kulikuwa na suala la miguu. Kila aingiaye zahanati sharti avae soksi za plastiki juu ya viatu, mbili kwa kila mtu, zinazotoka kwenye mashine ya mlangoni. Kifla alikuwa na miguu minne. Mtu mwingine angebabaika. Gruev alifikiri siku mbili, akaamua Kifla asajiliwe kama wafanyakazi wawili. Kifla wa Mbele, soksi mbili. Kifla wa Nyuma, soksi mbili. Kila mmoja na faili lake, na kila mmoja ahudumie mgonjwa mmoja tu kwa siku, asije akachoka.

Faili la wa Mbele lilipigwa muhuri Novemba. La wa Nyuma lilikwama, kwa kuwa picha yake haikuonyesha uso.

Basi Desemba nzima Kifla alisimama mlangoni, nusu chumbani, nusu kwenye korido, na kiti cha wagonjwa kiko mbali, kule dirishani. Yoana, mtoto wa miaka saba mwenye jino bovu na jipu kwenye fizi, aliletwa mara tatu na bibi yake, Stoyanka. Mara tatu alimwita mbwa, mbwa akalia, mtoto akalia, wakarudi nyumbani na shavu lao lililovimba. Chakula chake kilikuwa supu ya vuguvugu, na hata hiyo aliimeza kwa machozi.

"Mheshimiwa, mwache aingie," Daktari Neli alimsihi Gruev kwenye simu. "Hatua nne tu. Usaha ukimwingia mtoto kwenye damu, huo muhuri utampigia nani?"

"Daktari, tukianza na nusu mbwa, kesho tutakuwa na nusu sheria."

Ukaingia Mwaka Mpya. Mama yake Gruev alioka banitsa, andazi la matabaka lenye jibini, na kama ada akaficha sarafu ndani yake. Atakayeikuta ana bahati mwaka mzima. Gruev hapendi bahati iende kwa mwingine, kwa hiyo hula haraka. Safari hii aliipata kwa gego, na gego likapasuka vipande viwili.

Siku ya pili ya kazi alikuwa kwenye korido, soksi mbili miguuni, jasho likimtiririka. Mashine ya kutobolea meno ilipovuma ndani, akashika ukuta.

"Kumbe na wewe unaogopa?" Yoana akamuuliza.

"Siogopi. Nakagua."

"Mkuki kwa nguruwe," bibi Stoyanka akasema, bila kumtazama.

Gruev akaomba mbwa. Akaambiwa yupo nusu. Hapo akachomoa muhuri mfukoni, akaagiza faili la wa Nyuma, akaligonga juu ya goti lake. Kazi iliyoshindikana miezi miwili ilikwisha kabla hajapiga chafya.

"Haya, ni mzima sasa. Naingia."

"Unaingia wapi, baba?" bibi Stoyanka akamzuia. "Foleni! Sisi tuko hapa tangu mwaka jana."

Kifla akaingia mzima mzima, akalaza kichwa mapajani mwa Yoana. Jino likatoka mtoto ameshika sikio la mbwa, hata kuguna hakuguna. Bibi yake alilia kwa furaha, waziwazi, na hakuona haya.

Zamu ya Gruev ikafika. Akakaa kitini, akanyoosha mikono. "Mlete."

Daktari Neli akavaa miwani, akafungua kanuni. "Kifla wa Mbele ameshamhudumia mgonjwa wake wa leo. Haruhusiwi chumbani mpaka kesho. Umebaki na wa Nyuma, Mheshimiwa."

"Acha mzaha, Daktari!"

"Sahihi hii si yako? Au leo tutumie nusu sheria?"

Kifla akarudishwa mlangoni, safari hii kichwa kwenye korido, makalio chumbani. Mashine ikawashwa.

"Mama yangu wee!" ikasikika mpaka barabarani.

Yoana, pamba mdomoni, alikuwa akimkuna Kifla shingoni. Akachungulia juu ya mgongo wake.

"Tulia, mjomba," akasema. "Si unaona anakutingishia mkia?"