Malalamiko Kuhusu Doa Mlilomwongezea Dada Yangu

Kwa Daktari Mkuu,
Chumba cha Picha za Mionzi,
Hospitali Kuu.

Mheshimiwa Daktari,

Pokea shikamoo yangu ikiwa umenizidi umri. Ikiwa nimekuzidi mimi, basi naidai yako.

Mimi ni mpiga picha, mwaka wa thelathini na moja huu, studio mkabala na stendi. Nimewapiga picha mabalozi, mabondia, na askofu mmoja aliyesinzia nikamfumbua macho kwenye kompyuta. Shule niliiachia darasa la sita, lakini kwenye kusahihisha picha sijaona wa kunifundisha, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Wiki iliyopita nilimleta dada yangu mkubwa, fundi cherehani, aliyenilea tangu nina miaka minne. Mlimdunga dawa ya mionzi, mkamlaza kwenye mashine, kisha mkatuonyesha picha mbili. Ya kwanza, ambayo kwa kauli yenu haijasahihishwa, ni safi. Ya pili, mliyoisahihisha, ina doa nyuma ya mtulinga wa kushoto, ule mfupa wa chini ya shingo. Kwa doa hilo mnataka aje Jumatatu akatwe kipande kidogo cha nyama kikapimwe. Nimemkataza. Sababu zangu ni hizi:

1. Kusahihisha picha ni kuondoa madoa. Hata mteja wa paspoti analijua hilo. Nimeondoa chunusi, makovu, na shemeji mmoja aliyeachika kabla albamu haijafika. Sijawahi kumkabidhi mtu doa ambalo hakuja nalo. Ningepigwa.

2. Fundi wenu wa mashine, yule bwana wa miwani miwili, mmoja usoni na mmoja utosini, alinieleza kwamba mionzi inayotoka ndani ya mwili humezwa na nyama na mifupa njiani, kwa hiyo kilichojificha ndani sana huonekana hafifu, au hakionekani kabisa. Eti kompyuta hupima unene wa mwili, ikarudisha kilichomezwa. Maneno matamu hayo. Basi na mimi nimwongezee bwana harusi nywele, nikiulizwa niseme zilimezwa na hewa ya studio.

3. Bwana huyohuyo alikubali, nilipombana, kwamba mgonjwa akisogea katikati ya kazi, masahihisho yanaweza kuzua doa lisilokuwepo. Dada yangu alikohoa. Nilimsikia kwa masikio yangu nikiwa nje ya mlango. Kwa hiyo mnamnolea kisu mama wa watu kwa kosa la kukohoa.

4. Tena, kama kompyuta yenu inaujua mwili kuliko picha inavyouonyesha, mnawalaza watu kwenye ubao ule wa baridi wa nini? Wabaki makwao, muwasahihishe kutoka kwenye vitambulisho.

5. Naomba rasmi picha ya kwanza itambuliwe kuwa ndiyo dada yangu, na ya pili ifutwe. Naomba pia nipewe chumba chenu kila Alhamisi niwafundishe usahihishaji wa kiungwana. Nitafunga studio na sitaki hata chai. Kwa somo la kwanza naambatisha picha ya dada niliyompiga mwaka jana, shingo laini kama ya msichana, pamoja na ile ya awali kabla sijaigusa, mzilinganishe mwone kazi ya mtu mzima.

Nisalimieni wote hapo: mama wa mapokezi aliyevua shali yake akamfunika dada, mfagizi anayejua kila mlango, hata huyo wa miwani miwili, ambaye sina ugomvi naye nje ya kazi.

Ni mimi, mwenzenu katika fani, ila mwenye uzoefu,

Mpiga Picha wa Mkabala na Stendi

Baada ya kutia sahihi: Ile picha ya awali sikuwa nimeifungua tangu mwaka jana. Nimeifungua sasa hivi ili niichape. Juu ya mtulinga wa kushoto pana uvimbe mdogo, kama harage. Niliufuta kwa mkono wangu mwenyewe, nikidhani ni kivuli cha ukosi. Gauni alilovaa siku ile, alilolishona yeye, halina ukosi.

Namba moja hadi tano msijisumbue nazo. Nimeshampigia simu afunge begi, na Jumatatu tutakuwa mlangoni kabla ya mfagizi. Katika bahasha nimewawekea picha moja tu, ile ambayo sikuigusa.