Miaka Minane Niliyoidai kwa Wakorea

Jumatatu, 9 Septemba 1996

Kambi ya visima, kilomita sita kutoka Modogashe. Nimezaliwa wilaya hii, mama yangu kazikwa wilaya hii, na bado mgeni ni mimi. Ukipita lile lango la mabati umeingia Korea. Viatu mlangoni. Kitu unakipokea kwa mikono miwili, hata kama ni msumari. Saa kumi na mbili asubuhi tunapanga mstari, tunanyoosha viungo kwa kufuata kaseti. Leo wenye ngamia walisimama kututazama. Mmoja akauliza kama ugonjwa huo unaambukiza.

Hayo nimeyazoea, ni miezi minne sasa. Nisichokizoea ni meza.

Kwenye meza ya Wakorea hakuna anayegusa kijiko kabla ya aliyemtangulia kuzaliwa. Anaanza Mzee Choi, fundi wa mtambo wa kuchimba, miaka hamsini na minane. Anafuata Bwana Pak, meneja, arobaini na mitatu. Halafu sisi makarani wawili wa stoo. Kwanza Kulow. Mwisho mimi.

Kulow! Nilimbeba mgongoni alipoumwa na nge, akanikojolea. Mimi nina miaka thelathini na mitano, yeye ishirini na sita. Lakini kitambulisho changu kinasema 1 Januari 1969 na chake 1 Januari 1962. Huku kwetu karibu kila mtu kazaliwa 1 Januari. Tarehe tulipewa na serikali, mwaka tulijichagulia. Mimi nilishusha minane ili niandikishwe polisi. (Walinikataa kwa sababu ya jino.) Yeye alipandisha minane ili aingie kamati ya mnada wa mifugo, ambako vijana hawatakiwi. Kwa ukweli namzidi tisa. Kwa karatasi ananizidi saba. Nimepoteza miaka kumi na sita nikiwa nimekaa.

Bwana Pak ameamuru nimwite Kulow "hyong", yaani kaka mkubwa. Leo mchana kaka mkubwa akasema, "Mdogo wangu, hebu chumvi."

Nikampa. Kwa mikono miwili.

Jumanne, 10 Septemba

Habari kubwa! Kampuni itampeleka karani mmoja wa stoo Korea, mwaka mzima, kusomea pampu. Atarudi fundi mwenye cheti. Makarani tuko wawili.

Lazima niwe mimi. Pampu ya kijiji chetu imekufa tangu '92. Shangazi yangu Eedo Arbia, aliyenilea, anafuata maji kilomita kumi na moja kwenda, kumi na moja kurudi. Alikuwa na punda wawili. Mmoja alianguka njiani wiki iliyopita na hakuinuka. Mimi nikirudi na cheti, pampu hiyo nitaifufua kwa mkono wangu, na kila kijiji kitanijua jina.

Tangazo limebandikwa ukutani kwa Kikorea. Ninachoweza kusoma ni tarehe, 27 Septemba, sikukuu yao ya mavuno, siku jina litakapotajwa. Na chini kabisa namba 30. Nikaelewa papo hapo. Kuanzia thelathini. Katika kambi hii kila kitu huanza na mkubwa: kijiko, maji ya kuoga, paja la kuku. Korea itaachaje kuanza na mkubwa?

Jioni Bwana Pak akaja stoo, akaniuliza kama kweli nina ishirini na saba. Akauliza mara tatu. Akatabasamu, akaandika kwenye daftari lake. Ananicheka! Lul, mpishi wa sufuria yetu ya halali, akaniambia niende nikamwulize maana ya ile namba. Nikamwambia mdogo haulizi. Akasema basi mdogo na akae na njaa yake.

Kulow anatembea kambini huku akipiga mluzi. Naye ameiona thelathini.

Alhamisi, 12 Septemba

Mpango wa kwanza. Niliandika upya orodha ya wafanyakazi wote thelathini na mmoja, na umri wa kweli wa kila mmoja. Jina la Kulow nikaliandika kwa wino mwekundu ili kosa lionekane kutoka mbali.

Lilionekana. Bwana Pak akawa mweupe kama unga. Kumbe kwao jina la wino mwekundu ni jina la maiti. Akaichana orodha, akakaa akaiandika yote mwenyewe kwa wino mweusi, umri ukiwa uleule wa vitambulisho. Kulow akapewa mayai mawili ya pole.

Lul akapita na sufuria, akasema, "Nunow, umemwua kijana wa watu halafu umemlisha."

Jumamosi, 14 Septemba

Mpango wa pili. Hina kwenye ndevu. Kwetu ndevu za rangi ya chungwa ni ndevu za mtu anayesikilizwa barazani. Nililala nazo zimefungwa kitambaa.

Kulow akauliza, "Warya, bwana harusi, mahari ni ngamia wangapi?" Lul akasema nimefanana na mbuzi aliyewekewa alama asipotee. Mzee Choi, ambaye huzungumza mara moja kwa wiki, alinitazama kwa huruma, akaenda kwenye mtambo wake na kurudi na kopo. Dawa ya kuondoa kutu kwenye mabomba.

Nikalipokea. Mikono miwili.

Jumatano, 18 Septemba

Karatasi haishindwi na ndevu. Karatasi inashindwa na shahidi. Nikamleta Eedo Arbia kwa lori la mbuzi.

Sikutegemea niliyoyaona. Alipoingia, Wakorea wote walisimama. Mzee Choi mwenyewe akainama mpaka kiunoni. Wakamwuliza umri. Akasema hahesabu, lakini Mtaliano alipokuja kupigana yeye alikuwa tayari anakamua ngamia. Wakamkalisha mbele, wakampa kijiko cha kwanza. Supu ilikuwa ya kabichi iliyochachushwa kwa pilipili. Akaonja, akasema hii mboga imeharibika lakini asante, Mungu awape nyingine.

Kisha akatoa ushahidi kwa Kiswahili chake. "Huyu Nunow mimi nabokea kwa mkono hii, mwaka ya mafuriko kubwa. Na ile Kulow ni mtoto ya juzi. Mama yake naazima mimi ngozi ya kumbeba, mwaka ya kikohozi ya mbuzi." Mafuriko ni 1961. Kikohozi cha mbuzi ni 1970. Nilitaka kumbusu!

Bwana Pak alikunja uso. Akasema maneno ya mdomo hayatoshi, kambi inafuata karatasi. Halafu, kama vile ananionea huruma, akasema kwa Kiswahili chake cha miaka mitatu kwamba ishirini na saba ni umri mzuri, nibaki nao. Nibaki nao! Anataka kunifunga mdomo kwa sifa.

Hapo Eedo akaanza habari za pampu, kwamba inalia kama ndama na haitoi kitu. Mzee Choi akatafsiriwa. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue akacheka, akauliza inaliaje. Eedo akalia kama pampu. Choi akasema ni kipande cha ngozi ndani, kimekauka. Siku yoyote ya mapumziko anaweza kwenda kuitazama. Ilibidi niingilie kati. Leo ni siku ya umri, si siku ya pampu! Mambo yakichanganywa hakuna linalokwisha.

Jumatatu, 23 Septemba

Garissa, siku mbili. Eedo akiwa kando yangu juani, nyuma ya mpiga chapa. Hati mbili za kiapo. Ya kwanza: Nunow amezaliwa 1961. Ya pili: Kulow amezaliwa 1970. Mpiga chapa alishangaa kwa nini namlipia hata mwenzangu. Nikamweleza kwamba mizani ina pande mbili. Mimi nikipanda na yeye asiposhuka, tutakuwa karibu sawa, na mimi sitaki karibu.

Kidole cha Eedo mara mbili. Muhuri wa chifu mara mbili. Njiani Eedo aliniuliza kama sasa pampu itatengenezwa. Nikamwambia tayari imo njiani. Akaniuliza njia ipi.

Jumanne, 24 Septemba

Nimemkabidhi Bwana Pak hati zote mbili, mikono miwili, kichwa chini. Akasoma polepole. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema wallahi nina hakika. Akauliza tena. Nikasema zaidi ya hakika. Mara ya tatu alikuwa ameshika kalamu hewani, na uso wake ulikuwa uso wa mtu kwenye matanga. Nikaapa mpaka kwa kaburi la mama.

Akafungua daftari lake, akafuta kitu, akaandika kitu. Kalamu nyeusi, alhamdulillahi.

Alhamisi, 26 Septemba

Utukufu! Nimehamishwa kiti. Choi, Pak, halafu mimi. Nilishika kijiko, nikakiacha, nikakishika tena. Kulow akawa amekaa na sahani yake mbele, mate yamemjaa, hawezi kuanza. Nilikula wali kwa kuhesabu punje. Nikasema, "Kulow, mdogo wangu, hebu chumvi." Ikaja. Kwa mikono miwili. Na akasema "hyong". Sauti ilikuwa ndogo, lakini masikio yangu yalitosha.

Kulow aliandika ombi lake wiki mbili zilizopita, na sasa haangalii hata ukuta wenye tangazo. Lul peke yake ndiye hakufurahi. Akasema nisisahau kwamba mkubwa ni jalala. Wivu.

Ijumaa, 27 Septemba

Naandika, ingawa mkono ni mzito.

Baada ya swala tulikaa wote. Wakorea walivaa mashati meupe. Kulikuwa na vimaandazi vya mchele vyenye ufuta ndani, na Mzee Choi alitazama upande wa mashariki akalia kidogo kwa ajili ya wafu wake. Mimi nilikuwa nimepiga pasi suruali.

Bwana Pak akasimama. Akasoma tangazo kwa Kiswahili kwa mara ya kwanza. Mwanafunzi awe karani wa stoo. Awe anajua hesabu. Asizidi umri wa miaka thelathini.

Asizidi.

Akasema jina moja lilikuwa kwenye daftari lake tangu tarehe kumi, jina la kijana wa ishirini na saba mwenye hesabu nzuri kuliko wote aliowahi kuwaajiri Afrika. Akasema alijaribu kumshauri. Hakunitazama. Akasema bahati nzuri, kwa hati halali yenye muhuri, kambi imegundua kuna kijana mwingine, wa ishirini na sita.

Kwa desturi yao, anayeanza makofi ni hyong wa aliyetajwa. Wote walisubiri. Nikapiga.

Kulow alikuja mbele yangu, akapiga magoti kama walivyomfundisha. Akasema, "Hyong, wallahi nilikuwa nimeshakata tamaa. Kwa kile kitambulisho changu cha mnada ningebaki mzee huku mpaka kufa. Sikujua njia ya kushuka. Wewe umenishusha." Alikuwa na machozi ya kweli. Akaapa akirudi ataanza na pampu ya kwetu.

Mwaka mmoja. Nimehesabu: kilomita ishirini na mbili mara siku mia tatu sitini na tano ni elfu nane na thelathini. Hiyo ni kwa miguu ya Eedo, punda mmoja.

Halafu nikaambiwa mkubwa ndiye anayempa mdogo wake zawadi ya safari. Ni desturi. Nimempa sanduku langu, lile nililonunua kwa ajili ya Korea.

Jumamosi, 28 Septemba

Sikulala, lakini nimefikiri, na mtu anayefikiri hajashindwa.

Asubuhi mapema Mzee Choi alisimama mlangoni kwangu. Viatu nje. Kisanduku cha vyombo mkononi, kipande cha ngozi kipya, na gari dogo likinguruma. Bwana Pak akatafsiri: leo na kesho ni mapumziko, twende kwa yule mama wa kuheshimika, siku mbili zinatosha kuitengeneza ile pampu, na mimi nishike spana yeye akinionyesha, maana fundi hufundishwa na mkono, cheti ni karatasi tu.

Karatasi tu! Mtu anasema hivyo baada ya yaliyonipata jana?

Nikamshukuru sana, nikainama kuliko siku zote. Lakini nikamweleza kwamba leo haiwezekani. Dereva wa lori amenipasha kwamba kuna kampuni nyingine ya visima kule Masalani, nayo itapeleka makarani ng'ambo, na safari hii nimeuliza vizuri: wasizidi ishirini na sita. Lori linaondoka saa tatu. Eedo Arbia nimeshindwa naye. Anasema kidole chake kimechoka kuapa. Lakini mdogo wake, Safiyo, yuko Ijara, na huyo bado hajaapa kwa lolote.

Mzee Choi alisimama kidogo na kisanduku chake. Akavaa viatu. Gari likazimwa.

Lul akatoka jikoni kuniambia kwamba ametumiwa salamu kutoka kijijini: yule punda wa pili hajasimama tangu juzi. Nikasema nikirudi nitaliangalia.

Kwa sasa la muhimu ni kulikariri hili, nisije nikaulizwa ghafla nikababaika. Nimezaliwa 1 Januari 1971.