Nilivyomtembeza Shangazi Kalista Mjini Guangzhou

Jumatatu, 10 Novemba 2025

Kesho anatua. Shangazi Kalista wa Marangu, mwalimu mkuu mstaafu, pamoja na wenzake wa kwaya. Kwa maneno, wanakuja kuona utamaduni wa China. Kwa kweli, anakuja kuniona mimi. Wazazi wa Felisia, mchumba wangu, walishafariki na ukoo umempa shangazi yake huyu neno la mwisho. Akikubali, naoa. Akikataa, naendelea kuwa bachela wa miaka arobaini na tisa anayekula wali kwenye mgahawa wa Swalha kila jioni hapa Sanyuanli, akitazama ukuta.

Kuna tatizo dogo. Mwezi uliopita, kwenye simu ya video, shangazi aliniuliza nafanya kazi gani. Kazi yangu ni kuwapeleka wafanyabiashara kutoka nyumbani kwenye viwanda vya jinzi kule Xintang na kuhakikisha zipu zinafunga. Kazi halali kabisa. Lakini nilipoiona ile miwani, mdomo ukaondoka wenyewe: naongoza watalii, Shangazi. Historia na utamaduni. Felisia, aliyeshika simu, alinitazama kama mtu anayeona kontena lake likidondoka baharini.

Leo kaja kutoka ofisini kwake, ambako anasafirisha mizigo ya watu, kunisihi nimpigie shangazi niseme ukweli kabla hajapanda ndege. Nimemwambia mtu akikaa mji mmoja miaka yote hii, utamaduni humwingia mwilini bila mwenyewe kujua. Akauliza nimewahi kuingia makumbusho gani. Nikamwambia asiwe mpelelezi.

Jioni nimejifunza nasaba za wafalme wa China. Ni nyingi mno, na nyingine zinaondoka halafu zinarudi. Nimezipunguza. Zimebaki mbili: Zamani, na Zamani Sana. Zinatosha.

Nimefunga kipande cha jinzi kwenye kijiti cha selfi kiwe bendera. Nimejitazama kwenye kioo. Kiongozi mtupu.

Jumanne, 11 Novemba

Wamefika. Nimetoa shikamoo kwa kuinama hadi kiuno kikalia. Shangazi akaitikia marahaba, akanipima kuanzia viatuni kwenda juu, bila haraka. Kisha akasema maduka wanayo Moshi. Yeye anataka utamaduni.

Mpango wa kwanza: Ukumbi wa Ukoo wa Chen. Jumba la kale, zuri sana kwenye picha. Tumefika mlangoni, bendera juu. Kumbe mtu huweka nafasi mapema kwa simu, na pasipoti ya kila mgeni. Sikuweka. Mlinzi akatikisa kichwa: mei you. Ndiyo "hakuna" ya hapa, neno ambalo sisi wa biashara tunalisikia hata usingizini. Shangazi akauliza kijana kasemaje. Nikasema leo jumba linapumzika kwa heshima ya mababu.

Wakati huohuo kundi la walimu kutoka Kenya likatupita na kuingia. Mbele yao, Macharia. Spika kiunoni, bendera ya njano, kofia ya njano. Tumefahamiana tangu yeye anauza simu. Sasa ndiye mwongozaji wa watalii Waafrika anayetajwa mji mzima. Akanipungia mkono. "Mzee Eli! Bana, zipu umewachia nani?"

Nikawaeleza akina mama kwamba Mkenya huyo hunifananisha na mtu.

Nikawaza haraka. Nikipata shida, mimi huwaza vizuri. Zhongda! Mitaa na mitaa ya maduka ya vitambaa vya jumla, na huko najua hata vyoo vilipo. Ndani ya treni ya chini ya ardhi nikatangaza kwamba tunakwenda kwenye Makumbusho Hai ya Vitambaa. Shangazi akauliza ni ya enzi ya nasaba gani. Zamani Sana, nikamjibu.

Mama Sesilia, soprano wa kwaya, alipoona satini ya zambarau ilibidi ashike ukuta. Wamepapasa, wamejifunga, wamepigana picha, wamesahau safari ya ndege na miguu kuvimba. Laoban mmoja, yaani bosi wa duka, ambaye nimemletea wateja tangu nina nywele, akaniita rafiki na kunivutia kiti. Nikawaambia akina mama huyo ndiye mkurugenzi wa makumbusho.

Shangazi akasimama kando ya mabunda, mkoba umebanwa kwapani. Akauliza mbona mkurugenzi anapima mita kwa mikono. Nikasema hayo ndiyo maonyesho yenyewe. Akasema ahaa. Ilikuwa ahaa ndefu.

Kwa ujumla, ushindi. Kwaya imepata sare ya Krismasi na hakuna aliyeomba kuona jumba lolote.

Jumatano, 12 Novemba

Leo tumeingia kwa Chen. Nafasi kaweka Felisia. Aliniwekea tu simu mezani kama mtu anayemwekea mgonjwa dawa. Kasema shangazi humuuliza maswali usiku, na kwamba yeye hatanisemea uongo wala hatanichomea. Kaburi nililichimba mwenyewe, na jembe ninalo. Mwanamke mwenye msimamo. Ndiyo maana namtaka.

Mpango wa leo ulikuwa wa hali ya juu. Macharia alikuwa amerudi kwenye jumba lilelile na kundi lake, wanamalizia kupiga picha za paa. Nikajibanza na kundi langu nyuma ya nguzo, karibu yao. Macharia anaeleza kwa Kiingereza cha redioni, spika inarusha, mimi nadaka, nageuza Kiswahili, akina mama wanapokea kikiwa moto. Hili limejengwa na watu wa ukoo mmoja kutoka vijiji vingi. Hizi ni sanamu za udongo, hadithi za kale. Hawa ni popo, kwa Wachina ni baraka. Nilikuwa natiririka. Mama Sesilia akasema laiti ningekuwa nahubiri kwao. Hata shangazi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena kuniona vizuri.

Nadhani Macharia alisikia mwangwi. Maana aligeuka, akaiona bendera yangu ya jinzi ikichungulia kwenye nguzo. Halafu akaendelea na sauti ileile. Yule mwenye kofia, kule pembeni ya paa, akasema, ni mwanamume aliyewadanganya wakwe zake kuhusu kazi yake. Wakampandisha juu anyeshewe na mvua milele.

Nikageuza neno kwa neno. Na mkono nikainua kuonyesha. Na sauti nikaitetemesha kidogo, kwa kuwa sehemu hiyo niliiona tamu. Nilikuwa nimeshafika kwenye "milele" niliposikia walimu wa Kenya wakicheka.

Shangazi akaitazama sanamu. Akanitazama mimi. Akairudia sanamu.

"Maskini," akasema. "Na hana hata mwavuli."

Hata hivyo nahesabu ushindi. Maelezo yalikuwa kamili na hakuna aliyelala.

Alhamisi, 13 Novemba

Siku kuu. Nitaieleza taratibu.

Nilitaka kumfunika Macharia, kwa hiyo nikawapeleka akina mama asubuhi kwenye nyumba ya chai, moja ya zile za kizamani ambako wazee wa hapa hukaa na magazeti yao na vikapu vidogo vya maandazi ya mvuke. Felisia alikuja nasi. Sijawahi kula mahali penye kitambaa cha meza. Lakini chakula ni chakula, nikajiambia, kitanikosesha nini.

Tumeketi meza ya duara. Shangazi mbele yangu. Na meza ya jirani, kwa bahati yangu ilivyo, Macharia na walimu wake.

Mhudumu akaleta bakuli kubwa tupu na birika la chai ya moto. Akaviweka katikati, akaondoka.

Sasa. Mtu yeyote aliyelelewa kwetu, ukimwekea mezani birika na beseni kabla ya chakula, hana haja ya kuuliza. Nikashangaa tu kwamba Wachina wana adabu zetu hivi na hakuna aliyewahi kuniambia. Na nani wa kunawisha? Mkwe mtarajiwa, nani mwingine. Nikasimama. Nikajaribu chai kwenye mkono wangu mwenyewe, ukaungua. Nikaipooza kwa maji ya chupa. Nikachukua leso yangu safi, nikaitupia begani. Nikaenda kwa shangazi, nikainama, beseni chini, birika juu. Karibu unawe, Shangazi.

Shangazi akanyoosha mikono. Nikamiminia polepole. Akasugua viganja, kidole kwa kidole. Chai ya rangi ya dhahabu ikawa inatiririka kwenye pete yake ya ndoa. Nikamfuta. Nikahamia kwa Mama Sesilia.

Ndipo niliposikia ukimya. Wazee walikuwa wameshusha magazeti. Mhudumu alikuwa amesimama na sahani zake, mdomo wazi. Na katika ukimya huo, spika ya Macharia: mabibi na mabwana, hiyo chai huwa ni ya kusuuza vikombe na vijiti kabla ya kula, halafu inamwagwa kwenye lile bakuli. Si ya kunawa. Wachina hawanawi hivyo. "Mzee Eli, leo umewaogesha watu na chai, aki."

Felisia akafunika uso. Nikabaki katikati ya ukumbi nimeshika birika. Nilijiona juu ya paa. Nikafungua mdomo kuitaja nasaba, lakini kwa mara ya kwanza wiki nzima hakikutoka kitu. Nikaona shangazi ananitazama, nikajua harusi imeishia hapo, kwenye bakuli.

Kwenye meza ya nyuma yangu alikuwepo bibi mmoja wa Kichina, mdogo kama mtoto, sweta jekundu. Alinigusa kiwiko. Nilidhani ananifukuza. Akanyoosha mikono yake miwili.

Sikujua la kufanya isipokuwa lile nililokuwa nafanya. Nikainama. Nikamnawisha. Vidole vyake vimepinda, kwa hiyo nikamiminia kidogokidogo, nikamfuta kimoja kimoja. Akacheka, akasema kitu kwa Kikantoni, meza yao yote ikacheka na kunyoosha mikono. Mhudumu akaleta birika jingine. Mzee mmoja alitaka nimpige picha ananawa, kisha akataka apigwe ananinawisha mimi.

Nilipogeuka, walimu wa Kenya walikuwa wamesimama kwa mstari. Macharia akawaambia tena, kwa upole, kwamba si utaratibu. Mwalimu mmoja mnene, mama wa Nyeri, akamwambia siku zote hizi wamekula bila kunawishwa na mtu, kwa hivyo azime hiyo kitu ya kiunoni aje naye apange laini. Macharia akazima. Akapanga. Nikamnawisha vizuri tu, sina kinyongo na mtu niliyemshinda.

Nilirudi mezani suruali imelowa. Shangazi alikuwa ananimiminia kikombe. Akaniambia nikae nile, maandazi yanapoa.

Ijumaa, 14 Novemba

Shangazi kakataa ziara. Kasema anataka kukaa na mimi na Felisia, mahali pa kazi. Tumekutana ofisini kwa Felisia, katikati ya maboksi. Viti vilijaa mizigo, shangazi akakalia bunda la mashuka kama yuko ofisini kwake pale shuleni. Nikasimama mbele yake mikono nyuma. Miaka arobaini na tisa, na bado.

Akasema amejua tangu Jumanne. Hajawahi kuona makumbusho yenye risiti. Amejua pia kuhusu zipu. Jana, kwenye foleni ya kunawa, Macharia alimweleza kila kitu hata kabla hajaulizwa.

Nikaanza kujieleza. Akainua kidole, nikaacha.

Akasema wamekuja wanaume wengine kwa Felisia, wasemaji wazuri sana. Na mume mwongo ni hatari akiwa na kipaji. Mimi sina. Siku zote hizi nimedanganya asubuhi mpaka jioni na hakuna hata mmoja aliyedanganyika, mpaka Mama Sesilia amekuwa akinionea huruma. Kwa hiyo Felisia atakuwa salama, kila siku atajua ukweli ni upi kwa kunitazama usoni tu. Halafu akatazama mikono yake. Akasema na yule bibi nilimfuta vizuri. Hakuna aliyekuwa ameniagiza.

Kisha akasema amekubali.

Felisia alilia kidogo, akasema ni vumbi la maboksi. Mimi nililia sana, nikasema ni furaha. Shangazi akaniambia hilo angalau ni kweli.

Nimekubaliwa! Kwa uongozaji wa watalii. Nilijua ile sehemu ya popo imemgusa.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimewasindikiza uwanja wa ndege. Shangazi kanishika mkono muda mrefu mbele ya Felisia. Amenieleza utaratibu: mwezi wa pili watakuja wajomba kukamilisha mazungumzo, wakiongozwa na Mjomba Heriel. Mkali, lakini ana haki. Wao wanatamani kufika Beijing, kuuona ule Ukuta Mkuu. Nisijisumbue, akasema. Niwatafutie mwongozaji mwenye kazi yake, hata yule Mkenya. Mimi niwe mkwe tu. Nikamwahidi. Felisia akaniahidisha tena ndani ya teksi, nikaapa.

Jioni Mjomba Heriel kapiga simu ya video kunipongeza. Mzee mwenye sauti nzito, kumbe alikuwa mkaguzi wa majengo serikalini. Akauliza kama Ukuta naujua. Felisia alikuwa jikoni. Nikasema naufahamu vizuri. Akauliza msingi wake ni wa aina gani, maana jambo hilo limemsumbua miaka mingi.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, Mjomba. Ukarabati wa upande wa kusini nimeusimamia mimi mwenyewe.