Kadi ya Sauti na Shairi la Mahafali

Jumanne, 1 Oktoba
Balaa. Mwalimu Valeria amenichagua nisome shairi langu kwenye mahafali, Jumamosi. Mbele ya watu! Mimi, ambaye hata kuitikia jina darasani naona haya. Bibi aliyenilea atavuka kutoka kisiwa cha Songo Songo kuja kunisikia. Kukataa siwezi. Kusoma siwezi. Jioni nimepata wazo: nitajirekodi, kompyuta ya shule isome. Mashine haioni haya.

Jumatano, 2 Oktoba
Kompyuta ni bubu. Nimefukua kadi ya sauti kwenye mzoga wa kompyuta nyingine stoo, nikaichomeka. Imeongea! Printa imekufa. Nimechomoa kadi, printa ikafufuka. Nimeirudisha, printa ikafa tena. Klementi, tunayekaa dawati moja, ameuliza matanga ya printa ni lini, aje na kanzu.

Alhamisi, 3 Oktoba
Nimepata kitabu cha zamani maktaba. Kila kifaa huiita kompyuta kwa namba yake. Kadi na printa zimeshika namba moja. Zikiita pamoja, kompyuta haijui imsikilize nani. Nimewaza sana. Labda hata mimi sina ubaya na watu, tumegongana namba tu.
Dawa ni kuibadilishia kadi namba, ila nywila ya kompyuta anayo Mwalimu. Nimefika mlangoni kwake, nikaamkia, nikaondoka. Badala yake nimechomoa waya wa printa, nikajirekodi shairi lote. Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 5 Oktoba
Kompyuta na printa yake zilihamishiwa ukumbini. Bibi safu ya mbele, kitenge kipya. Nikabonyeza, nikajificha nyuma ya pazia. Sauti yangu ikatoka: "Shikamooni wazee wetu." Marahaba, wakaitika.
Mwalimu akakumbuka cheti kimoja hakijachapwa. Akaona waya umechomoka. Akauchomeka, akachapa.
Kompyuta ikakwama. Shikamooni wazee wetu. Shikamooni wazee wetu. Na wazee wa huku hawaachi salamu ianguke! Waliitika kila mara, sauti zikififia kwa uchovu, asipatikane wa kuwa wa kwanza kunyamaza. Klementi alikuwa anafuta machozi ya kicheko.
Hatimaye Bibi alisimama.
"Mjukuu wangu, koo limenikauka kwa kuitikia. Toka huko uje uniamkie mwenyewe."
Mwalimu akazima mashine. Nikatoka. Nikaamkia. Aliitika taratibu, kama ndiyo mara ya kwanza siku hiyo. Nikasoma shairi lote nikimtazama yeye tu. Sauti haikutetemeka. Ukumbi ukajaa vigelegele.

Jumapili, 6 Oktoba
Nimemsindikiza Bibi gatini kupanda boti. Amesema nina sauti ya marehemu babu, na nitasoma tena kwenye harusi ya shangazi Mwanaheri. Nimefikiri njia nzima kurudi. Fundisho liko wazi: mchawi ni printa.
Stoo kuna kadi ya picha. Nikijirekodi na sura, harusini Bibi ataniona kabisa nikimwamkia, nami nitakuwa salama jikoni. Namba ya kadi sijaiangalia. Printa nimeshaificha chini ya kitanda.